Tangi la Vioo

Watu wa Ihelanga walikwisha kuacha kuona haya juu ya mikojo yao. Kila nyumba iliweka kopo la asubuhi nje ya kizingiti, bila kifuniko, na mpita njia alikuwa na ruhusa ya kuchungulia. Kopo lenye rangi ya ua la boga lilikuwa heshima ya nyumba. Hata posa ilianzia hapo: kabla mshenga hajabisha hodi alipita kwanza kimyakimya akatazama kopo la binti, na akilikuta jeupe aligeuza njia kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau kwake.

Fausta ndiye aliyekuwa akiyapima makopo hayo. Alipita nyumba hadi nyumba na kurunzi yake ya mwanga wa zambarau, kitambaa kichwani na mfuko wa plastiki mabegani, kwa sababu umande ulikuwa haujakauka, na umande ndio uliokuwa adui. Ulishuka na unga wa Pazia, lile lililotandazwa angani na nchi kubwa ili kulipoza jua. Jua lilipoa kweli. Mvua zilirudi, mahindi yakaota hata kwenye vichuguu, watu wakaimba. Kisha mabati ya nyumba yakaanza kutoboka kama chekeche, na baada ya mabati wakafuata watu.

Kutu ya mtu haifanani na ya bati. Huanza pembeni mwa midomo kwa mipasuko midogo isiyotaka kupona. Ulimi huwa mwekundu kama nyama mbichi, pumzi ikanuka msumari uliolala majini. Halafu macho hukataa mwanga, nyayo zikasahau ardhi, na mwisho moyo wenyewe huchoka, kama mlango ambao bawaba zake zimeliwa.

Asubuhi hiyo Fausta alimulika kopo baada ya kopo na hakuona kitu. Yalikuwa meupe. Yalikuwa yakififia tangu mavuno, na watu walikuwa na maelezo yao: maji ya kisima kipya ni mepesi, ulezi wa mwaka huu ni mchanga, baridi humkojoza mtu mara nyingi. Alipofika kwa wifi yake Leokadia, dada mkubwa wa mumewe, alimkuta amesimama mlangoni amelikinga kopo kwa miguu.

"Pita haraka, wifi, usinitie aibu," Leokadia alimwambia. "Hayo ni maji ya kuoshea vyombo, nimeyasahau hapo."

Wakacheka wote wawili. Lakini nyuma ya Leokadia alisimama mjukuu wake Enesi, mtoto wa kunyonya vidole bado, na alipofungua kinywa ili acheke na wakubwa, pembe za midomo yake zilipasuka zikatoa damu. Fausta alizima kurunzi. Kijiji kizima kilikunywa togwa kila siku, kata iliyojaa, na kijiji kizima kilikuwa kikikojoa maji.

*

Togwa yenyewe ilitoka kwenye tangi lililosimama katikati ya uwanja wa mikutano. Zamani ilichachushwa ndani ya matangi meusi ya plastiki, nyuma ya ghala, chini ya mikono ya mzee Ngailo. Mbegu yake haikuwa ya kawaida. Ililetwa na kituo cha utafiti kabla kituo hakijanyamaza: hamira iliyofundishwa maabara kutengeneza vitamini B kwa wingi ambao hakuna maharage wala maini yangeweza kuufikia. Ukiichanganya na uji wa mahindi na kimea cha ulezi, baada ya siku chache ulikuwa na kinywaji kichachu chenye manjano, na aliyekinywa hakuliwa na kutu.

Kisha wakafa watu wa ukoo mmoja mfululizo, na minong'ono ikaanza. Mzee Ngailo alipika gizani. Nani aliyewahi kuona alichotia mle? Kwa desturi ya Ihelanga aliyepika huonja kwanza mbele ya wanywaji, ili aondoe sumu na shaka, na mzee alionja kila siku. Wakasema anameza dawa yake ya kinga kabla. Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti Mgaya, mtu mpole asiyependa ugomvi, alisema penye wengi haliharibiki neno, na wengi wakataka tangi ambalo kila mtu ataona ndani yake. Matangi meusi yalichomwa moto. Mzee Ngailo alifunga virago, akashuka bondeni, na hakuonekana tena.

Mume wa Fausta, fundi Melkiori, ndiye aliyelijenga tangi jipya. Alikusanya vioo vya mbele vya malori yaliyokufa barabara kuu, akaviunga kwa lami na mbao, kazi safi isiyovuja hata tone. Siku lilipojazwa, jua lilipenya, na togwa ikang'aa kijani-manjano kama macho ya paka. Watu walishusha pumzi. Kitu kinachong'aa hivyo, walisema, hakiwezi kuwa na uchawi. Wakamkabidhi Fausta kata, kwa kuwa alikuwa amemaliza kidato cha nne na ndiye aliyetumwa na kijiji kwenye mafunzo ya kituo.

Sasa, akiwa ameketi stoo na kurunzi iliyozimwa, Fausta aliyarudia mafunzo hayo moja baada ya jingine.

Mwalimu wao alikuwa amesema kwamba mwili ni jiko. Huunguza chakula kwa hewa tunayovuta, na kila jiko hurusha cheche. Cheche hizo zikiachwa huchoma kuta za jiko lenyewe. Hiyo ndiyo kutu, na unga wa Pazia huzidisha cheche mara nyingi. Mwili una mlinzi wake, anaitwa glutathioni. Hudaka cheche kwa mikono mitupu, akaanguka. B mbili ndiyo inayomwinua, ikimpa nguvu iliyoletwa na B tatu, naye hurudi kazini. B sita, foleti na B kumi na mbili hukusanya udongo wa kufinyangia walinzi wapya. Bila hao mlinzi hulala pale alipoangukia. Tena mwili hauna ghala la vitu hivi, mwalimu alisema. Hamtakula leo kwa ajili ya kesho. Kinachozidi hutoka na mkojo, na ndiyo sababu mkojo wa mtu aliyeshiba hung'aa.

Kulikuwa na sentensi moja zaidi, ilisemwa watu wakiwa wameshainuka kwenda kula. B mbili na mwanga hawapatani.

Fausta alikuwa na chungu kimoja cha mbegu ya akiba, alichokitunza shimoni chini ya stoo kama alivyoagizwa. Alichota humo bakuli mbili. Moja aliifunika kwa kaniki nyeusi, nyingine akaianika juani ukutani tangu asubuhi hadi jioni. Alikunywa ile ya ukutani, na kesho yake kopo lake lilikuwa jeupe. Alikunywa iliyofunikwa, na kopo lake likawa ua la boga.

Togwa ya ukutani ilikuwa bado inang'aa. Majivu ya B mbili nayo hung'aa. Jicho haliwezi kuyatofautisha na kitu chenyewe. Na kuna baya zaidi ambalo alilielewa polepole, kama mtu anayepapasa jeraha. B mbili ikipigwa na mwanga haifi kimya, hurusha cheche zake yenyewe. Chembe za hamira zilizoitengeneza kwa bidii ziliungua kwa kazi ya mikono yao, na zile za kivivu, zisizotengeneza kitu, zikastawi mahali pao. Mbegu iliyokuwa tangini sasa ilikuwa ya wavivu watupu. Hata lingefunikwa leo, lisingetoa chochote.

Binti yao Anjela alikuwa amefariki wakati wa baridi. Fausta alikuwa akimwongezea kata ya pili kila siku, na aliichota juu kabisa, palipong'aa zaidi.

*

Kutu ilikuwa imemlaza Melkiori naye, hakuwa akiinuka kitandani tena. Fausta alianza kumpa bakuli moja ya chungu cha akiba kila asubuhi bila kumweleza inatoka wapi, na haukupita muda mrefu akaanza kuona matunda yake. Ulimi ulirudi rangi. Mumewe aliomba chumvi zaidi kwenye mboga, akalalamika kwamba godoro lina uvundo. Siku alipoketi mwenyewe akauliza kwa nini bawaba ya dirisha haijatiwa mafuta, Fausta alitoka nje akalia kwenye shimo la taka ili asisikiwe.

Alipomwambia ukweli, alimwambia wote. Melkiori alisikiliza akitazama mikono yake. Aliuliza kama tangi lingeweza kuponywa. Fausta alieleza kwamba lingewezekana: limwagwe, lisuguliwe kwa majivu, lifunikwe gubigubi, kisha chungu chote cha akiba kimiminwe mle. Chote, kwa sababu wavivu wamejificha nyufani, na mbegu ikiwa kidogo wataimeza. Halafu lingekaa gizani mpaka mvua za masika zikaribie kwisha ndipo togwa iwe na nguvu.

"Na bakuli yangu?" aliuliza Melkiori.

Fausta aliokota bakuli tupu sakafuni.

"Mama Anje, nakuuliza."

Waliendelea kuitana kwa jina la mtoto waliyekwisha kumzika. Hawakuwa na jingine.

"Hutafika mwisho wa masika, Baba Anje," alisema Fausta. "Hii haiwekwi akiba mwilini. Nikiikata leo, kesho kutwa kutu inaendelea pale ilipoishia."

Melkiori alicheka kidogo, kicheko cha fundi aliyeona kosa kwenye kazi yake mwenyewe. Alisema tatizo ni kwamba alilijenga vizuri mno. Angekuwa fundi mbovu, tangi lingevuja, watu wangerudi kwenye plastiki.

Fausta hakukimimina chungu. Alijiambia anasubiri majivu ya kutosha, kisha kwamba anasubiri mawingu. Kila asubuhi alipita na kurunzi yake, akaona makopo meupe, akarudi nyumbani akachota bakuli. Kwa Nyenza walizika. Kwa Mlowe walizika. Alibeba ubani, akakaa na wafiwa, akashika vichwa vya watoto wao, na mikono yake ilinuka uchachu wa kitu ambacho kingewaokoa. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Kila mtu ambaye angemuuliza alikuwa na mgonjwa wake, na kila mmoja angesema ampe wa kwake.

Aliyelikata shauri ni Melkiori. Asubuhi moja alifumba kinywa. Fausta aliiweka bakuli midomoni mwake naye akageuza uso ukutani, kama mtoto anayekataa uji. Alimbembeleza, akamkaripia, akamwambia ni kiburi tu. Alimwambia hakuolewa ili awe mjane wa kijiji.

"Walimfukuza Ngailo kwa uchawi ambao hakuufanya," Melkiori alisema bila kugeuka. "Mimi nikinywa hii peke yangu, nitakuwa nimeufanya kweli."

Fausta alikaa na bakuli mapajani mpaka umande ukakauka nje. Kisha akaenda kuimimina tena kwenye chungu.

*

Mkutano ulijaa. Fausta alieleza kwa maneno aliyoyapanga usiku kucha, kuhusu mwanga, kuhusu cheche, kuhusu wavivu wa nyufani, na akaona macho ya watu yakitangatanga. Mmoja aliuliza vipi kitu kinachokua shambani juani kife kwa jua. Mwingine akasema hata Ngailo alikuwa na sababu zake nzuri za giza. Mwenyekiti Mgaya alipangusa uso, akauliza kama hakuna njia ya katikati, kwa mfano kulifunika nusu.

Ndipo Melkiori akaingia, amebebwa kwenye kiti na wanaume. Hakueleza lolote la vitamini. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyelijenga, na fundi akikwambia nyumba aliyokujengea itakuangukia, hushindani naye, unatoka. Watu walimpenda Melkiori. Walikubali, ila kwa sharti. Fausta ataonja kila asubuhi, kata nzima, mbele ya wote, na wengine hawatakunywa mpaka togwa iwe tayari na yeye awe hai.

Tangi lilimwagwa, likasuguliwa kwa majivu, likajazwa uji mpya, na wanawake wakaleta kaniki zao, wakazishona pamoja, wakalivisha. Lilipokwisha kufunikwa lilifanana na mjane mkubwa aliyeketi uwanjani, na watoto waliacha kucheza karibu nalo. Fausta alimimina chungu cha akiba mpaka tone la mwisho, akakisuuza kwa maji, akayamimina na hayo.

*

Hakuna aliyefikiria lile sharti litafanya nini. Hata Fausta hakufikiria.

Togwa iliamka mapema kuliko alivyotarajia, lakini nyembamba bado, isiyotosha kugawiwa. Mtu mmoja tu alikuwa akiinywa. Kila asubuhi alipanda ngazi, akaingiza kata chini ya kaniki, akanywa mbele ya macho ya kijiji kizima, na kila asubuhi kopo lake lilizidi kuiva. Mipasuko ya midomo yake ilifunga. Ngozi ya uso ilinyooka ikatoa mafuta. Alirudi nyumbani akiwa na nguvu za kumgeuza mumewe kitandani kwa mkono mmoja, na kila siku mumewe alikuwa mwepesi zaidi kugeuzwa.

Aliomba ruhusa ampelekee kata yake. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba, akipewa Melkiori, kila mwenye mgonjwa atadai, na hilo lilikuwa kweli. Siku moja Fausta aliweka fundo la mwisho shavuni, akashuka ngazi taratibu, akaanza kutembea kuelekea nyumbani ameinamisha kichwa. Leokadia alimwona. Alimfuata, akamsimamisha njiani, akamtazama mashavu.

"Meza, wifi," alisema. "Kama ni nzuri, kwa nini huimezi?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Fausta angeweza kueleza, lakini kinywa kilikuwa kimejaa. Alimtazama wifi yake machoni, akamwomba kwa macho, kwa sababu yule aliyelala kule ndani alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Leokadia alisubiri. Fausta alimeza, na akafungua kinywa ili waone kwamba ni kitupu.

Melkiori alikufa mvua zikiwa bado zinanyesha. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliulizia tena bawaba ya dirisha, Fausta akamwambia ameshaitia mafuta, akasema vyema.

*

Walimzika kando ya Anjela. Fausta alisimama ukingoni mwa kaburi, amejifunga kaniki ya kuazima kwa kuwa ya kwake ilikuwa tangini, na alihisi macho ya watu usoni mwake. Alijua wanachokiona. Mwanamke mwenye midomo laini na macho meupe, mwenye mashavu, katikati ya kijiji cha midomo iliyopasuka. Neno lilipita kutoka kwa mtu hadi mtu, nalo halikuhitaji kusemwa kwa sauti. Ndagu. Mtu humtoa mwenzake kafara, naye hunawiri. Na kitu hicho humtaka mtu wa karibu kabisa. Ndiyo maana kilianza na mtoto.

Kutoka makaburini hawakwenda nyumbani kwa marehemu kunawa mikono. Walikwenda uwanjani. Hawakukimbia wala kupiga kelele, walitembea kama watu wanaokwenda kumwagilia bustani, na mwenyekiti Mgaya akatembea nao, akisema waende polepole.

Fausta aliwatangulia, akasimama mbele ya tangi. Asubuhi ile ile, kabla ya mazishi, alikuwa ameonja na kujua. Ilikuwa tayari. Aliwaambia hivyo. Aliwaambia wangoje, atagawa leo leo, chini ya kaniki, kila mtu na kata yake, na kesho wataona makopo yao. Waliache tu tangi likiwa limefunikwa. Aliwaambia kwamba mumewe alikufa ili waipate.

Leokadia alikuwa mbele ya wote. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kilio cha kweli.

"Ndicho tunachotaka kukiona," alisema. "Mdogo wangu umemweka humo?"

Alishika ncha ya kaniki akavuta. Mshono ulikuwa wa uzi wa pamba, ulioliwa na umande, na ulifunguka wote kwa mara moja.

Mawingu yalikuwa yamegawanyika. Jua liliingia kwenye vile vioo vya malori kutoka pande zote, na tangi likawaka. Halikuwahi kung'aa vile, hata siku ya kwanza. Rangi ilimwagika mpaka kwenye matope, kwenye nguo za msiba, kwenye nyuso za watu, wakawa wote wa kijani-manjano kama viumbe vya ulimwengu mwingine. Ndani hakukuwa na mtu. Hakukuwa na mfupa wala kichwa cha kuku wala hirizi. Kulikuwa na togwa tu. Mtu mmoja alianza kucheka, kisha wengine, kicheko cha kuokoka, na mwanamke mmoja akaweka mikono kwenye kioo kana kwamba anaota moto.

Fausta aliitazama ikiungua. Alijua kila kitakachofuata, na kujua huko hakukuwa na kazi yoyote. Leo wangekunywa, na ya leo bado ilikuwa na uhai. Kesho asubuhi makopo yangekuwa na manjano mlango kwa mlango. Watu wangesema: mnaona? Tulipolifunua tu, tumepona. Hakuna mtu angeweza kuwashawishi tena, hata angefufuka Melkiori. Kisha manjano yangefifia, polepole kiasi cha kuwapa muda wa kutafuta sababu, na wavivu wangerudi kutoka nyufani, na hakukuwa na chungu kingine shimoni.

Mwenyekiti Mgaya alimsogelea. Alisema kwamba yaliyopita yamepita, watu wameona wenyewe, hakuna mwenye neno naye. Alimnyooshea kata. Alimwomba aonje kwanza, kama desturi.

Alionja. Ilikuwa nzuri, chachu iliyokomaa, yenye harufu ya kimea. Kisha akawachotea. Walijipanga na bakuli zao, wazee kwanza, na kila aliyepokea alisema pole kwa msiba, shemeji. Pole, Mama Anje. Naye alijibu ahsante. Walikunywa pale pale, wamesimama juani, bakuli zikiwaka mikononi mwao.

Zamu ya Leokadia ilipofika, alinyoosha bakuli bila kumtazama. Fausta alimjazia. Leokadia hakunywa. Alisimama kidogo, kama aliyeona haya, kisha akageuka akalipa jua mgongo, akavuta upindo wa khanga yake akaifunika bakuli mara mbili, akaikumbatia tumboni. Hakuipitia njia ya uwanjani. Alizunguka nyuma ya ghala, upande wa kivuli, akitembea kwa uangalifu ili isimwagike, kuelekea nyumbani alikokuwa amemwacha Enesi.

Fausta hakumwita. Angemwita, wengine wangegeuka wakaona. Aliinama, akachota tena, akamjazia aliyefuata.